Jina la Baba Kwenye Tovuti ya Sabuni

Alunguli, Kindu
9 Juni 2024

Yaya Sifa, dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi huko Lusaka, wewe na shemeji na watoto. Lile goti limepona, au bado unapanda ngazi kwa shida? Hapa mvua zimekatika, mto umeanza kushuka. Mimi na Mama tuko wazima wa mwili. Ya moyo ngoja nikueleze.

Unajua binti yangu Jamila alinifungulia tovuti ya sabuni yangu ya mawese. Ilikaa miezi bila mtu kuiona. Ukiandika kwenye Google "sabuni Kindu", yanakuja maduka ya Goma, sisi hapana. Blanchard, mwenye cyber pale sokoni, akaiangalia.

"Mama Jamila, picha peke yake haitoshi. Andika maneno yenye watu wanatafuta. Sabuni gani, iko wapi, nani anaipika, alijifunza kwa nani."

Tukaandika. Kwamba ni sabuni ya mawese ya Alunguli, Kindu. Kwamba nilifundishwa na baba yetu, Soudi Amisi, aliyewapelekea sabuni wachimba dhahabu kule mji wa Kama, na tangu vita vya 1998 hakurudi. Jamila akatuweka na kwenye ramani, wateja wakaandika maoni yao. Polepole tukapanda mpaka juu. Oda zikaja hata kutoka Kalima.

Mwezi uliopita simu ikalia, mtu wa Kalemie. Nikashika kalamu nikidhani ni oda. Sauti ya mzee ikauliza, "Wewe njo mutoto wa Soudi wa sabuni?" Nikakubali. Nikamsikia analia.

"Jina langu Léon. Mimi njo nilimuzika baba yenu."

Walikimbia pamoja kutoka Kama. Homa ikamshika Baba porini, dawa hakuna. Mzee Léon ni Mkristo, lakini alimlaza kuelekea Kibla, maana Baba mwenyewe alimwonyesha namna. Alimwahidi atatuambia. Alituma watu Kindu, wakakuta nyumba imeungua na sisi tumehama. Alipopata simu akawa anaandika jina la Baba, hapati kitu. Siku hiyo likatokea, na namba yangu chini yake.

Yaya, kumwambia Mama kulinishinda. Nilimpigia Mzee Léon, nikampa Mama simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Aliteseka sana?" Sijui alijibiwa nini. Alinirudishia simu, akafunga kitenge kichwani, akakaa chini. Yeye aliyekataa matanga miaka yote hii, akisema mume wake yuko njiani.

Jamila aliuliza kama tuongeze neno "marehemu" kwenye tovuti. Mama alisema, "Muache kwanza. Sifa njo ataandika. Yeye njo mukubwa."

Matanga hatujayaanza. Anakaa kwenye mkeka, chakula anakigusa tu, na kila pikipiki ikisimama nje anainua kichwa. Zamani alikuwa akimngoja Baba. Sasa anakungoja wewe.

Nisalimie shemeji Alain na binti yako Francine. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Mdogo wako anayekupenda,
Mwanvua