Aliyevuka na wa Ufuo
Migosi, Jumamosi, 1991

Miguu inaniuma, na hasira bado ninayo. Kwenye chumba chetu hapa tumejipa majina wenyewe. Akoth ni Aliyevuka, maana kwao walimlea kama mvulana na yeye ni msichana. Mimi ni wa Ufuo, si maji, si nchi kavu, si mwanamume wala mwanamke.

Leo tumemzika nyanya yake Akoth kijijini kwao, Pap Onditi, na huko majina yetu hayajulikani. Baba zake wadogo walimbebesha viti pamoja na wanaume tangu asubuhi. Akabeba.

Halafu shangazi yake akamshika mkono, akampeleka jikoni, akampa kisu na mboga za sukuma. “Kaa hapa na sisi, msichana wangu, ukate.”

Nilimfurahia Akoth, kweli.

Mimi hakuna aliyeniita upande wowote. Nilikula nimesimama.