Siku Tano Baada ya Muda

Kwa fundi viatu, chumba cha uani,
S.L.P. 417.
14 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe, wifi na watoto? Kifua kimetulia na baridi ya huko? Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, ila hasemi sana.

Ninayokuletea si mema, na kwenye simu ulimi ulikataa. Nyumba ya marehemu baba imekwenda.

Unakumbuka baba mdogo aliposhinda kesi ya kudai nyumba ni yake, hakimu alitupa siku thelathini za kukata rufaa. Niliziona nyingi. Kila Jumatatu nilifunika cherehani nikaenda masjala kuomba nakala ya hukumu, maana bila nakala rufaa haipokelewi. Karani, mzee mmoja tunayemwita Njoo Kesho, alinijibu kwa upole kwamba bado inachapwa. Niliipata siku ya thelathini na tatu. Rufaa nikaiwasilisha siku ya thelathini na tano.

Tukaomba kuongezewa muda. Jaji, mama wa makamo, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza iko wapi barua yangu ya kuomba nakala. Nikasema niliomba kwa mdomo, tena si mara moja. Njoo Kesho mwenyewe alisimama akakiri kwamba ananijua. Jaji akavua miwani.

"Ungeandika mstari mmoja tu, mwanangu, siku za kungoja zisingehesabiwa. Mdomo hauna muhuri."

Ombi likatupwa. Habari za nani aliijenga ile nyumba hakuna hata aliyezigusa.

Nawe kaka uliniambia niandike, nikakujibu nimeshaandika. Sikuandika. Niliogopa karani ataudhika, alikalie jalada letu. Nisamehe. Mama nilimwambia ukweli siku ile ile. Aliendelea kukunja nguo, halafu akanishika kichwa kama nina homa.

Tulihama Jumamosi. Nilitaka tuondoke kabla baba mdogo hajafika, lakini mama alishika ufagio. Alifagia chumba kimoja baada ya kingine, kisha akapiga magoti akaanza kudeki. Kwa hasira nikamuuliza anamfanyia nani usafi.

"Simfanyii yeye," akasema. "Naiaga nyumba yangu."

Nikachukua tambara la pili.

Baba mdogo alipokuja kuchukua funguo, sakafu ilikuwa bado mbichi. Akavua viatu, akasimama mlangoni na soksi zake, hakuthubutu kukanyaga. Mama akamkabidhi funguo kwa mikono miwili, tukaondoka. Nilipogeuka pale kona, alikuwa bado amesimama nje.

Msalimie wifi, na mwanao Kibonge mwambie nimemshonea kaptura, aache kunenepa kwanza. Shangazi na mjomba fundi saa wanakusalimu sana. Mungu akufungulie huko milango tuliyofungiwa sisi huku.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Kidoti