Mama, Ulisema Nini Mkutanoni?

Shikamoo Mama,

Nakuamkia ingawa marahaba yako siisikii tena. Tumeanua matanga na nimerudi kwangu Manyoni, ila moyo umebaki kule Iguguno, mbele ya ile stoo.

Imejaa tena magunia ya alizeti. Kaka anasema biashara siku hizi ni ruksa, hawezi kuacha chumba kikae bure. Chumba! Kumbe ndimo walimokuwa wanakufungia kutwa nzima, yeye na mkewe wakienda mnadani, wamekuachia bakuli la uji uliopoa. Nimeyajua msibani, kwa jirani yako Mama Eliasi. Nikamuuliza mbona alinyamaza. "Ni mambo ya nyumba ya watu," akanijibu.

Ndiye aliyenisimulia ule mkutano wa kijiji, bibi maendeleo wa wilaya alipokuja kuzungumzia wazee wanaoteswa majumbani. Alikuuliza unaishije. Wewe Mnyaturu wa Ihanja, uliyeletwa uzeeni kwa Wanyiramba, Kiswahili chako cha kununulia chumvi tu. Wakamsimamisha Kaka atafsiri. Mama, walimpa yeye! Eti ni heshima, mtoto wa kiume ndiye msemaji wa mama yake.

Mama Eliasi anasema ulizungumza muda mrefu. Ulishika koo, ukaonyesha mlango, ukafuta macho kwa khanga. Kaka akasema, "Anashukuru, hana shida." Watu wakapiga makofi.

Nimemuuliza mwenyewe. "Alishukuru," akasema, huku anafunga gunia. Basi. Maneno yako umekwenda nayo, na mimi binti yako sitayasikia. Nina hasira, Mama, na sina pa kuipeleka.

Nilimfuata yule bibi maendeleo, nikamwomba siku nyingine amtafute mtu anayejua lugha ya mzee, asiyetoka nyumba ile. Alisikitika kweli. Akasema gari halina mafuta, na kijiji chetu kimeshafanyiwa mkutano.

Nyumba ya pili kutoka kwa Kaka yupo bibi Mbarbaig, mjukuu wake ndiye anayemsemea. Nimemwona mikono yake imekonda kama yako. Nakuahidi, Mama, kila nikija kulipalilia kaburi lako nitakwenda kukaa naye. Lugha yake siijui hata salamu. Atanieleza yote, na sitaelewa neno.

Pumzika, Mama yangu.

Mwanao,
Agnesi