Mpaka Niinue Kitambaa

Utengule Usangu
13 Mei 1956

Dada yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi na Idi njema, ingawa nimechelewa. Mimi ni mzima, ila mbu wa huku wamenigeuza chakula. Shemeji hajambo? Na mama je, kifua kimepoa?

Studio ya Mbeya bado nimeifunga. Yule Bwana wa kitabu cha ndege anataka picha ya korongo akiangua mayai, basi nashinda ndani ya kibanda cha matete, magoti yananiuma, mimi ambaye mama alikuwa akinishika masikio ili nitulie ninyolewe. Kibanda chenyewe hakipelekwi karibu mara moja. Unakiweka mbali, kila asubuhi unakisogeza hatua kumi. Korongo akiinua shingo, unakomea hapo mpaka azoee.

Fanueli, msaidizi wangu, hukaa ukingoni mwa kinamasi. Nimemkataza asinikaribie kwa jambo lolote mpaka niinue kitambaa chekundu, maana ndege akishtuka huyaacha mayai.

Yakianguliwa tu, nakuja Iringa, hadi kwako Kihesa. Mwambie mama.

Mdogo wako,
Zubery

Kihesa
20 Mei 1956

Zubery,

Barua yako imetukuta matangani. Mama alifariki Jumanne usiku. Nilikupigia simu ya maandishi Jumatano alfajiri, na karani wa posta ameniapia kwamba ilipokewa Chimala, posta yenu ya huko, asubuhi ile ile.

Tulimweka mpaka Alhamisi alasiri kwa ajili yako. Wazee walinung'unika, nikawaambia yuko njiani. Kila lori lililopanda kutoka Ipogolo nilitoka nje kuangalia.

Usiniandikie tena.

Mwanahawa

Makambako
2 Juni 1956

Dada,

Sikuulizi hali, naijua. Umenikataza kuandika, na naandika.

Simu ilimfikia Fanueli Jumatano saa nne asubuhi. Akaja mbio na baiskeli mpaka ukingoni, akaketi. Alikaa na karatasi mkononi mpaka jua linazama, akingoja kitambaa, kwa kuwa ndivyo nilivyomwamuru. Simlaumu. Siku hiyo korongo alikuwa ametulia, nami nilikuwa na furaha kuliko siku zote. Picha niliyopiga saa nane mchana ni nzuri kupita zote nilizowahi kupiga, na siwezi kuitazama.

Lingine hulijui. Ijumaa nilifika. Nilifika mpaka uani kwako, nikakuona unakung'uta majamvi. Uso ulinishuka, nikageuka, nikarudi na lori lile lile.

Sasa nawapiga picha wasafiri hapa Makambako. Silali.

Mdogo wako,
Zubery

Ifunda
11 Juni 1956

Dada,

Hujambo? Nimehamia Ifunda. Kazi hakuna. Lori la Iringa likija napanda, kisha nashuka kabla halijaondoka. Utingo amenizoea, siku hizi hanidai hata nauli, ananiuliza tu kama leo nitashukia palepale nilipopandia.

Niandikie neno moja, hata la kunitukana.

Mdogo wako,
Zubery

Ipogolo
17 Juni 1956

Dada,

Niko Ipogolo, chini ya mlima. Ni mzima.

Mdogo wako,
Zubery

Kihesa
20 Juni 1956

Mdogo wangu Zubery,

Salamu. Mimi ni mzima, na shemeji yako ni mzima, kila siku ananiuliza habari zako mpaka amenichosha.

Makambako, kisha Ifunda, sasa Ipogolo. Unadhani sioni? Unanisogelea kama unavyomsogelea korongo wako, unachungulia kama nitainua shingo. Mimi nimekubeba mgongoni, Zubery. Nina hasira nawe, na nitakuwa nayo hata ukiwa umekaa mbele yangu unakula ugali wangu, lakini siruki kwenda popote. Ile Ijumaa ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. Ungeingia tu, tungelia pamoja.

Nimemfikiria sana huyo Fanueli. Maskini, kutwa nzima na msiba wa watu mkononi. Mpe pole yangu.

Arobaini ya mama ni Jumapili, lakini usingoje Jumapili. Ile kanga yake nyekundu nimeitundika juu ya mlango tangu asubuhi, na majirani wameshaanza kuniuliza ni ya nini. Sitaishusha.

Dada yako,
Mwanahawa