Mluzi wa Saa Kumi na Dakika Saba

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke na mluzi wako ukome pale mlangoni, baba watoto. Naandika mimi mkeo kwa niaba ya wote. Tumechoka. Tunalisema hivyo hivyo, maana hukupenda maneno ya kupakwa rangi.

Majirani walikuita Mzee wa Mitikisiko. Kazi yako ilikuwa kusikiliza mawimbi ya mvutano: mashimo meusi mawili, mabaki ya nyota kubwa zilizokufa, yanaungana huko mbali kusikofikirika, anga lenyewe linatikisika, na mtikisiko unatufikia umefifia hata vumbi halishtuki. Mitambo yenu miwili ilitengana mbali mno, kila mmoja na kwao. "Mmoja ukisikia peke yake, hiyo si habari," ulisema.

Kila jioni uliporudi ulituigizia mashimo yakiungana: mluzi unaopanda upesi, fyuuip, kisha kimya. Watoto walikukimbilia. Mimi nilikuambia uvue viatu kwanza.

Hatujasahau zile siku tatu ulizotembea kifua mbele kwa mtikisiko mmoja wa ajabu, kumbe ni ndege alikuwa akidonoa bomba la mtambo. Dada yako hakukuacha: "Kaka, shimo lako nimeliona, limetua juu ya mti!" Ulicheka kuliko sisi sote, kesho yake ukaanza upya. Tangu hapo hata nyumbani ukaweka sheria. Anayesikia jambo aandike kwanza, pamoja na saa, asije akamtia mwenzake maneno masikioni. Ndivyo ulivyoamua hata kesi za glasi zilizovunjika.

Jumapili moja mwezi uliopita nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Nikasikia mluzi mlangoni. Nikatazama saa, nikaandika nyuma ya bahasha, nikanyamaza. Nilijua watoto wangesema ni uchovu, na nimechoka kuulizwa kama ninalala. Mara kitinda mimba wako akatoka chumba cha nyuma, karatasi mkononi.

"Mama, usiseme kitu. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi weka mezani. Tuweke pamoja."

Saa kumi na dakika saba. Mluzi, mlangoni. Kwangu hivyo, kwake hivyo.

Tunajua ungeuliza nini. Upepo? Mtoto wa jirani? Au ndege tena? Utusamehe, safari hii hatukwenda kukagua. Tulikaa pale pale tukalia mpaka maji ya kuoshea sufuria yakapoa. Karatasi zote mbili zimo ndani ya daftari lako la kazi.

Unakumbukwa na mimi mkeo, mwanao fundi umeme, kitinda mimba wako, dada yako asiyeacha utani, na wenzako wa mtamboni, ambao jambo hili hatujawaambia.

Daima tutakukumbuka, baba watoto. Na ukija tena, ingia tu na viatu.