Mipira ya motere kwa safari ya Bibi Mwamini

Kazi tatu, ndiyo Jumatano. Mvua tangu alfajiri, mulima umejificha.

Kama kuna mutu mumoja wa bahati katika Goma hii, ni mimi. Leo jioni, mashofere wote walipokwisha kunicheka hadi wakachoka, nimepata mipira ya motere ya kiwanda, mipya, bado imefungwa kwenye karatasi yake, ndani ya sanduku la misumari la yule Mugiriki wa duka. Mutu mwingine angepata misumari. Mimi nimepata mipira. Ndiyo maana hata shule niliacha mapema: mwalimu aliona nimekwisha kujua vya kutosha.

Niandike siku ilivyokwenda.

Mimi ni shofere na fundi wa Muzee Ramazani, mufanyabiashara wa hapa mutaa wa Murara. Gari yake ni ya Kiamerika, motere yake, yaani injini, ni ya silinda munane, ina nguvu ya kung'oa muti na mizizi yake. Sasa kati ya motere na shasi kuna mipira inayobeba uzito wote ule na kumeza mutetemeko. Ya kwetu imeoza, imekuwa kama ugali wa jana. Na kesho asubuhi gari inapaswa kumpeleka Bibi Mwamini, mama yake Muzee, kwa munganga wa mifupa kule Rutshuru. Bibi aliteleza uani, nyonga ikavunjika. Atalala kwenye kiti cha nyuma, juu ya njia ya mawe meusi ya volkano.

Motere ikitetemeka, mufupa wake utatetemeka.

Bibi huyo ndiye aliyenipa sahani tangu nilipofika hapa na suruali moja. Hadi leo akinipakulia anasema, "Kula, muongo wangu, maneno hayajazi tumbo."

Asubuhi nilikwenda kwa Papa Sebagabo, anayekata viatu kutoka tairi za zamani. Tairi zote za Goma zinaishia kwake. Tulibonyeza, tuliuma kwa meno, tukachagua tairi laini ya gari ndogo. Nikaikata, nikaitoboa, nikaifunga chini ya motere. Halafu nikapima kama mafundi wa hapa wanavyopima: nikawasha motere, nikaweka juu yake glasi ya chai iliyojaa.

Haikumwagika hata tone. Muzee aliita majirani waje kuona. Watu walipiga makofi, nami nikavua kofia kuwasalimia kama gavana.

Kumbe chai haipandi mulima.

Kwenye mupando wa Munigi, Muzee pembeni yangu, nilikanyaga mafuta kidogo tu, motere ikanyanyuka upande mumoja kama ng'ombe aliyeshtuka, mapanga ya feni yakaanza kula radiatere. Kra, kra, kra! Nilizima haraka. Bado kidogo itoboke. Tulirudi kwa kuteremka tu, kimya kama watu wa matanga.

"Chai ilikuwa tamu?" Papa Sebagabo aliniuliza. Mashofere waliokaa kwake walicheka hadi mumoja akaanguka kutoka kitini. Kisha yeye mwenyewe akanitafutia tairi ya kamyo, yaani ya lori kubwa, nene, ngumu kama kwato.

Hiyo ilishika. Tulipanda Munigi mara ya pili, motere imetulia kama imepigwa misumari. Lakini safari hii nilimuomba Muzee ashike usukani, nikalala kiti cha nyuma, nyonga yangu pale itakapolala ya Bibi. Mawe peke yake ningevumilia. Ila mutetemeko wa silinda zote munane ulipita kwenye shasi, ukaingia kwenye kiti, ukaingia kwenye mifupa yangu, ukakaa humo.

"Unaonaje huko?" Muzee aliniuliza bila kugeuka.

"Papa, ni kama kulala juu ya kinu cha kusagia muhogo."

"Na wewe ni muzima."

"Ndiyo, Papa. Mimi ni muzima."

Alisimamisha gari, akapanguza uso wake. Mvua ilikuwa inje.

Tulijaribu laini upande mumoja na ngumu upande mwingine. Motere ilikaa imepinda, ikatetemeka vibaya zaidi. Kamyo ya kahawa ingemurusha Bibi kama gunia. Kumubeba kwa machela, na mvua hii, na umbali huu? Basi imebaki hivi: laini, Bibi anasafiri vizuri mpaka mupando wa kwanza, halafu feni inatoboa radiatere na tunamuacha njiani kwenye mvua. Ngumu, tunafika, lakini kila hatua ya njia anailipa yeye.

"Fundi ni wewe," Muzee aliniambia. "Chagua."

Mimi, ninayejua kujibu hata swali ambalo halijaulizwa, nilisema nitachagua nikishamuona Bibi.

Saa ya magaribi niliingia kumusalimia Bibi. Alikuwa mudogo sana pale kitandani.

"Muongo wangu, hiyo gari yako itanibeba polepole?"

Ndipo nikamueleza habari ya Mugiriki, sanduku, misumari, na mipira mipya kwenye karatasi yake. "Itakuwa kama godoro, Bibi. Utalala mpaka Rutshuru, tutakuamusha kwa munganga."

Alicheka mpaka akashika nyonga yake. Kisha akafumba macho, uso umelegea, mara ya kwanza tangu aanguke. Muzee alikuwa amesimama mulangoni. Alinitazama.

Nimefunga tairi ya kamyo. Boliti zote nimekaza. Nimeazima magodoro kwa majirani, nitayapanga moja juu ya lingine, sijui kama yatasaidia. Gari itafika. Maumivu yake nimeyachagua mimi, kwa mikono hii ya mafuta.

Mipira ya kiwanda haiko. Sikupata kitu. Nimemudanganya.