Mluzi wa Pendo Ziwani

Jumatatu, 8 Julai

Mazoezi tena. Upepo wa Singida hauna adabu, umeanza kabla hatujanywa chai. Mimi na mdogo wangu Pendo ni wepesi mno kwa mashua hii ya mashindano. Tanga likijaa inalala ubavu, nasi tunaning'inia nje mpaka tumbo linauma. Kocha Msengi anasema dawa si kunenepa, dawa ni kulinyima tanga kitambi. Kamba ya mlingotini, vuta mpaka mikunjo iishe. Ya kwenye boriti ya chini ya tanga, vuta. Ubao wa chini ya mashua, pandisha kidogo. Bado inalala? Legeza kamba kubwa, upepo umwagike.

Leo nimeipatia. Tanga bapa, mashua imetulia. Pendo kanisifia, jambo ambalo huwa halifanyi.

Jumamosi tunashindana na mashua ya kina Shabani. Atakayeshinda anaenda mashindano ya Mwanza. Naitaka hiyo Mwanza mpaka silali vizuri.

Jumatano, 10 Julai

Ziwa kimya. Tumekaa katikati tunababuka na jua. Hasira. Kina Shabani nao wamekwama pale pale, karibu tungeweza kuazimana chumvi.

Pendo akapiga mluzi. Ule wa nyumbani Unyambwa, tunapopepeta uwele na upepo umegoma. Kwetu upepo huitwa hivyo, na Mama humwachia Pendo kazi hiyo kwa sababu sisi wengine tunatoa mate tu.

Ukaja. Ulitokea kwenye mawe makubwa, maji yakikunjamana kuelekea kwetu peke yetu. Tukaondoka. Nikageuka nyuma: tanga la kina Shabani bado linaning'inia. Nikacheka, nikamwambia Pendo apige tena.

Akapiga. Baadaye njiani akawa mnyonge. Mama akimaliza kupepeta huacha konzi ya uwele juu ya jiwe, fungu la upepo. Pendo anasema leo tumeuita na hatukuupa chake. Nimemwambia ziwani hakuna uwele, aache ushamba.

Alhamisi, 11 Julai

Tukiwa majini, mluzi. Nikamfokea Pendo anyamaze, tayari tulikuwa tumezidiwa na upepo. Akanigeukia. Mdomo ameufumba.

Tukarudi ufukweni. Mlingoti una matundu, upepo ukipita hulia, kila mtu anajua. Nikayaziba yote kwa utepe wa gundi, na ya kwenye boriti pia. Tukaingia tena.

Ukaendelea. Sauti ya Pendo kabisa, na pale mwishoni inapokwaruza kidogo kwa sababu ya jino lake lililovunjika. Inatoka nyuma ya mawe. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, waliokuwa upande ule wamehama wote.

Pendo hataki tushindane. Nimemwambia asinitie uoga. Yeye hakuniambukiza kitu, uoga ninao wangu. Lakini Mwanza naitaka.

Ijumaa, 12 Julai

Hatukwenda. Pendo hajala.

Jumamosi, 13 Julai

Tumeshinda.

Nilivuta kila kamba tuliyonayo. Tanga likawa bapa kama bati. Ubao nusu juu. Kamba kubwa nikailegeza mpaka tanga likawa linapigapiga ovyo, halishiki chochote. Kwa kanuni zote mashua ilipaswa kupoa. Ikazidi kukimbia. Nilikuwa nimemwaga upepo wote na bado kitu kilikuwa kinatuvuta.

Mluzi ulikuwa karibu sasa. Nyuma ya bega la Pendo.

Pendo akasema, "Dada, shusha tanga. Nakuomba."

Boya la mwisho lilikuwa mbele yetu. Nikasema bado kidogo. Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu.

Tulivuka mstari na mashua ikapinduka hapo hapo. Mimi nikaibuka. Pendo hakuibuka. Alikuwa chini ya tanga, na tanga lile lilikuwa limelala juu ya maji kama ngozi iliyowambwa, haliinuki. Nililivuta huku nalia. Nilipompata alikuwa macho, ametulia. Hakukohoa. Hakutapika maji. Maji ya ziwa hili yana chumvi ya kuchoma macho, yeye macho yake meupe kabisa, hayana hata wekundu.

Shabani alikuja kutusaidia kuinua mashua. Akaniuliza kwa nini nililegeza tanga lote, na upepo wenyewe ulikuwa wa kupoza chai.

Jumapili, 14 Julai

Unyambwa. Kocha ametuma ujumbe, safari ya Mwanza imethibitishwa, anataka majina mawili. Sijamjibu.

Tumerudi kutoka kanisani tukakuta uwele umeshapurwa. Hakuna upepo. Moshi wa jirani umesimama wima. Mama ameshika ungo, anamsubiri Pendo aite. Pendo amekunja midomo, imetoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Pumzi tupu. Akakaa chini.

Majani ya mlonge hayatikisiki. Makapi yametulia uwanjani. Khanga ya Pendo peke yake inapepea, pindo linanyanyuka na kushuka.

Mama aliitazama muda mrefu. Akasogea, akasimama karibu na Pendo, akainua ungo. Makapi yakaruka kwa upepo uliokuwa kwa Pendo tu.

Pendo akaniangalia. Nilijua anataka niseme neno. Nikachukua ungo wangu, nikasimama upande wake wa pili. Uwele ulikuwa mwingi.